Benchi la Kanisa Sebuleni

Sebule ya seremala ilikuwa na meza, viti vinne na redio. Kwa wiki mbili sasa ilikuwa pia na benchi la kanisa.

Lilikuwa benchi refu, la watu sita. Lilianzia dirishani likaishia mlangoni. Mlango ulifunguka nusu tu, na kila aliyeingia aliingia ubavuubavu, tumbo ndani. Mapacha walilifurahia. Mmoja alilala upande huu, mwingine upande ule, na katikati ikabaki nafasi ya kugombania.

Mama yao hakulifurahia.

"Baba Mapacha," alimwambia mumewe Jumamosi asubuhi, "leo tuimbe wimbo namba ngapi kabla ya chai?"

Seremala aliinamia kikombe chake.

"Na sadaka nipitishe sasa au baadaye?"

"Mama Mapacha, niache ninywe chai."

"Kunywa, mume wangu. Ibada ni yako."

Benchi hilo alilitengeneza mwenyewe, miaka mitatu nyuma, akalitoa zawadi kanisani. Likawekwa mbele kabisa. Watu wakaliita benchi la Fundi, naye kila Jumapili akalipita polepole, ili walio nyuma wapate muda wa kukumbuka.

Jumapili moja hakulikuta mbele. Lilikuwa nyuma, limeegemezwa ukutani karibu na mifagio.

"Ni mwalimu wa kwaya amelihamisha," rafiki yake mpiga rangi alimnong'oneza. "Nasikia anasema limechakaa, linaharibu sura ya kanisa."

Fundi hakumuuliza mwalimu wa kwaya. Alimwambia kinyozi. Alimwambia fundi baiskeli. Alimwambia kila mteja aliyeingia karakanani kwake kuulizia kitanda. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, alilinyanyua benchi yeye na mpiga rangi, wakalitoa nje katikati ya watu. Alitaka watu waone. Wakaona.

Waliomwonea huruma wakachukua viti vya plastiki walivyovitoa wao zawadi. Mwenye ngoma akabeba ngoma yake. Ibada iliyofuata, kundi moja lilikaa kushoto na kundi jingine kulia, na katikati pangepita lori. Sasa upande wa Fundi ulikuwa umeamua: kesho wataanza kusali kivyao katika darasa la shule. Tena walimtaka yeye awe kiongozi. Usiku uliopita maneno hayo yalikuwa matamu. Asubuhi hii, mbele ya benchi, hayakuwa na ladha.

Hodi ikapigwa. Alikuwa jirani yao, nesi mstaafu, mshirika mwenzao, amekuja kurudisha chungio. Akaingia ubavuubavu.

"Shemeji, hapa ni kwako au nimepotea nikaingia kanisani?"

"Karibu, Nesi," Fundi alijibu kwa sauti ndogo.

"Asante. Bora leo nimelipata. Unajua Jumapili Bibi Mkongojo alikaa wapi?"

Bibi Mkongojo alikuwa mshirika mzee kuliko wote. Magoti yake hayakukunjika vizuri. Miaka mitatu alikaa kwenye benchi lile kwa sababu lilikuwa na mkono wa kujishikia.

"Sijui," alisema Fundi.

"Juu ya ndoo ya kupigia deki. Tuliigeuza, tukamtandikia kanga. Ibada nzima."

Mama Mapacha aliacha kumimina chai. Fundi aliweka kikombe mezani. Nesi hakumwangalia usoni. Alijikalia zake kwenye benchi, pale mwisho.

Kwii! Benchi likainamia nyuma. Nesi akadaka meza, chai ikamwagika.

Fundi alipiga magoti akachungulia chini. Mguu wa nyuma ulikuwa umelegea. Akaona kilichoulegeza: misumari miwili, imepinda. Akakumbuka. Wiki ile ya kulitengeneza alikuwa na kitanda cha mteja mwenye haraka. Badala ya kuchonga tundu na kuunganisha mguu kwa gundi, alipiga misumari. Alijiambia, la kanisa, nani atalikagua?

Aliutikisa mguu kwa kidole, ukacheza.

"Shemeji," Nesi alimwita, "mwalimu wa kwaya alikujibuje ulipomuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Uliwauliza nani?"

"Watu."

"Watu wote isipokuwa yeye." Nesi alijipangusa chai. "Sikiliza, sikusuti. Bwana Yesu alituachia njia. Ndugu yako akikukosea, mwendee, wewe na yeye peke yenu. Akikusikia, umempata ndugu yako. Asipokusikia, nenda na mtu mmoja au wawili, wenye kusikiliza pande zote mbili, si wa kukushangilia. Ikishindikana, ndipo uliambie kanisa. Wewe umeanzia mwisho."

"Nesi, ingekuwa heri ningeanzia mwisho," alisema Fundi. "Nimeanzia kwa kinyozi."

Mkewe alicheka, kisha akajizuia. "Nenda, Baba Mapacha. Nenda bila mpiga rangi."

Mwalimu wa kwaya alikuwa mshona viatu. Fundi alimkuta kibandani, amebana kiatu magotini, anapiga soli.

"Umekuja na jeshi?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimekuja peke yangu. Nataka kukuuliza nilichopaswa kukuuliza siku ile. Benchi ulilihamishia nini?"

Nyundo ikasimama.

"Bibi nusura aanguke nalo. Mguu mbovu. Nikaliegemeza ukutani, lisimwangushe mtu. Nikasema nitakwambia faraghani, nisikuaibishe. Jumatatu nikaja karakana. Mlikuwa mmejaa, unaongea, wanacheka. Mliponiona mkanyamaza wote. Nikageuka."

Fundi aliikumbuka siku hiyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiga sauti ya mwalimu akiimba.

"Na kwamba limechakaa?"

"Sikusema. Lakini nami sikunyamaza. Ulipolibeba niliwaambia wanakwaya una kiburi. Nilipaswa kurudi kwako, sikurudi."

"Nisamehe, ndugu yangu," alisema Fundi. "Mguu niliupiga misumari. Najua tangu leo asubuhi, ila mkono wangu ulijua tangu siku ile."

Mwalimu alikigeuza kiatu mara mbili.

"Nimekusamehe. Nawe unisamehe. Ila hapa tuko wawili, na huko ulisema kwa watu wengi."

"Kesho nitasema kwa hao hao."

Njiani Fundi alipita kwa mpiga rangi, naye akamwita pembeni. Mpiga rangi alikuna shingo. Alikiri kwamba aliongeza chumvi kidogo. "Kidogo," alisema tena, akarudi kwenye brashi yake.

Alasiri nzima Fundi alichonga. Akang'oa misumari, akatoboa tundu, akatia gundi, akabana. Jumapili asubuhi yeye na mwalimu walilibeba benchi, huyu mbele, yule nyuma. Kinyozi aliwaona, wembe ukabaki hewani.

"Mnahamia wapi?"

"Tunarudi," alisema Fundi.

Kabla ya ibada, wale waliotaka kusali darasani waliitwa. Baadhi walikuja. Fundi alisimama mbele. Alisema yote: misumari, karakana, kinyozi, ndoo ya Bibi. Hakumtaja mpiga rangi. Mwalimu naye akasimama, akasema lake.

Mchungaji alikiri kwamba kulikuwa na malalamiko mengine ya kweli, kwani viti vya plastiki vilipangwa upya bila washirika kuulizwa. Wakachagua watu wanne, wawili kushoto na wawili kulia, wayasikilize. Darasa la shule halikupata ibada. Ngoma ilirudi baada ya majuma matatu. Familia moja haikurudi, na Fundi bado huenda kwao kubisha hodi, peke yake.

Lakini siku ile, Bibi Mkongojo alilizunguka benchi, akaligonga kwa mkongojo.

"Umetia misumari mingapi?"

"Hakuna hata mmoja, Bibi."

"Basi anza wewe kukaa. Mimi nitakutazama."

Fundi akakaa, peke yake, mbele ya kanisa zima, macho sakafuni. Benchi halikulia. Bibi akashuka taratibu kando yake, akashika mkono wa benchi, akapumua.

"Sasa mwite mwalimu," alisema. "Mzito kuliko sisi sote ni yule."