Legeza Nyuzi Zote

Gitaa lile halikuwahi kushika sauti hata siku moja. Ulilikaza jioni, asubuhi limeshalegea lenyewe, kila uzi umekwenda njia yake. Kwa hiyo asubuhi ile Leonsia alipopitisha kidole gumba juu ya nyuzi, na zote sita zikaitika vile vile alivyoziacha jana yake, alitakiwa ashtuke. Hakushtuka. Alifurahi, maana alikuwa amechoka, na kwa uchovu ule angepokea chochote.

Anayetaka kumlaumu auelewe kwanza uchovu wenyewe. Tangu mvua za vuli Leonsia Mutayoba, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikuwa akipanda kilima cha mawe nyuma ya chuo, pale Malimbe, hadi barazani kwa Mwalimu Ooko. Huyu alikuwa mzee wa Rorya aliyepiga gitaa katika bendi za dansi mpaka magoti yakakataa jukwaa, na sasa alifundisha wanachuo. Nusu ya somo ilikwenda katika kukaza nyuzi, tena kwa sikio tupu, kwani simu hakutaka kuiona. Ukishakaza, unapiga kidogo. Ukishapiga kidogo, kabla hujalirudisha gitaa kwenye mkoba, unazilegeza nyuzi zote upya. Kila somo ilikuwa hivyo, na Leonsia aliona ni sawa na kupika wali kisha ukaumwaga kabla hujaonja.

Alipouliza sababu, mzee alimjibu kwanza kwamba ni kulinda shingo ya gitaa isipinde. Siku nyingine, baada ya kuulizwa sana, aliangalia upande wa ziwa na kushusha sauti.

"Kwetu chombo hakiachwi kimekazwa halafu hakina mtu. Babu yangu alipiga nyatiti, kinubi chetu cha Kijaluo, na hata akiwa amelewa, hakulala bila kulegeza. Ziwa hili lina wapigaji wake, binti. Vyombo hawana. Wakikuta kimekazwa na mwenyewe hayupo, wanajua wamekaribishwa."

"Na ukisahau uzi mmoja tu?"

"Mmoja unawatosha."

Leonsia aliitikia kwa adabu na kucheka moyoni. Yeye Mhaya wa Muleba, Mkatoliki, majini alikuwa amewaachia watu wa filamu.

Kilichomsumbua kilikuwa na jina fupi zaidi: F. Ni ule mkao ambao kidole cha shahada kinatakiwa kulala juu ya nyuzi zote sita kwa wakati mmoja na kuzibana, huku vidole vingine vikitafuta kazi yao. Kila mwanafunzi wa gitaa anaulaani. Leonsia aliulaani kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Alibana mpaka ncha za vidole zikaota sugu, na bado mkao ulitoa sauti ya sufuria iliyofunikwa kitambaa. Wenzake walioanza nyuma yake walishaupata, wakasonga mbele. Yeye alibaki pale pale, na hasira zake zilikuwa za kweli, za kutaka kulitupa gitaa mawe yakalipokea.

Angelitupa, kama si mama yake. Mama Angela alikuwa na kauli moja juu ya bintiye, kwamba Leonsia ni mtu wa kuanza. Cherehani aliianza, kinanda alikianza kwa mbwembwe, mpaka ufugaji wa kuku aliuanza, na hakuna alichokifikisha mwisho. Alikuwa akiisema kauli hiyo huku akicheka, mbele ya wageni, na Leonsia alicheka nao. Iliuma kila mara. Ndiyo maana Revocatus, kiongozi wa kwaya ya wanachuo, alipotangaza kwamba mpiga gitaa wao anamaliza chuo na nafasi itajazwa kabla ya jubilei ya kwaya, Leonsia alimpigia mama yake siku ile ile na kumwambia kwamba nafasi ameshapewa. Mama akasema basi atapanda meli kutoka Bukoba aje aone kwa macho yake.

Uongo ukishapanda meli haushuki kirahisi. Leonsia alikwenda somo lililofuata akiwa amejaa kisirani, akakaza kwa sikio akakosea, akakaza tena, na muda ukaisha kabla hajapiga wimbo hata mara moja. Jioni hiyo chumbani alifungua programu ya kukazia nyuzi kwenye simu, akalikaza gitaa akiwa anasonya, na alipomaliza hakulegeza hata uzi mmoja. Alilisimamisha ukutani karibu na dirisha. Akasema kwa sauti kwamba kesho hana muda wa kuanza upya.

Na asubuhi ndiyo ile tuliyoanza nayo. Alijaribu wimbo wa shukrani alioutunga Revo kwa ajili ya jubilei, akafika kwenye F, akabana bila matumaini, na F ikatoka safi. Alirudia. Ikatoka tena. Leonsia alikaa kitandani akalia kwa furaha, na hakuna haja ya kumficha.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Kwa Mwalimu Ooko alituma ujumbe kwamba ana mitihani. Mazoezini Revo alimsikiliza mara moja tu akampa nafasi, na uongo aliomwambia mama ukageuka kuwa kweli. Gitaa lilikaa limekazwa mchana na usiku, na halikulegea.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Awuor, msichana wa Musoma aliyeishi naye chumba kimoja, alilalamika kwamba chumba kinanuka tope la ziwa na kamba mbichi za nyavu, akaosha sakafu kwa sabuni, harufu ikabaki. Halafu shingo ya gitaa ikawa na unyevu kila Leonsia alipoishika. Halafu vidole. Zile sugu alizozichuma kwa maumivu ziliyeyuka, ncha zikawa laini na zimejikunja, mfano wa mtu aliyefua nguo kutwa nzima. Leonsia aliziona. Alijiambia ni mafuta ya kupaka.

Siku moja Awuor alimvuta nje, wakasimama kwenye kamba ya kuanikia nguo.

"Leo mchana ulirudi?" aliuliza taratibu.

"Nilikuwa darasani mpaka sasa hivi."

"Nilikuwa nimelala. Nikasikia unafanya mazoezi, nikasema ngoja nisigeuke, nisikukatize." Alitupa jicho kwenye dirisha la chumba chao. "Leonsia, nilipogeuka nyuzi zilikuwa bado zinatetemeka."

Leonsia alimwambia kwamba alikuwa anaota. Alisema hivyo kwa ukali kuliko ilivyohitajika, kwa sababu jubilei ilikuwa Jumapili inayokuja na mama alishakata tiketi. Awuor hakubishana. Alifunga nguo zake kwenye begi akahamia kwa binamu yake aliyeishi Nyegezi.

Kesho yake kipindi kiliahirishwa, na Leonsia akarudi chumbani jua likiwa utosini, hosteli nzima kimya, watu wako madarasani. Alisimama nje ya mlango ufunguo mkononi, na kutoka ndani akasikia wimbo wa shukrani ukipigwa taratibu, ule ule wa Revo, mpaka ukafika kwenye F na kupita bila kukwama, ukaenda hadi mwisho, ukaanza tena, lakini safari hii ukiwa umeongezwa kitu katikati ambacho Revo hakukitunga na ambacho mkono wenye vidole vitano usingekiweza, kitu kilichokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, jinsi maji yanavyolamba jiwe, na ile harufu ya tope ikapenya chini ya mlango ikampanda kuanzia miguuni, na alipojikaza akazungusha ufunguo na kusukuma mlango, aliliona gitaa limesimama ukutani pale pale, jua la dirishani limelipiga lote, hakuna mtu, na nyuzi zote sita zimebonyea kwenye shingo, zimebanwa kwa mkao wa F, na matone ya maji yanatiririka kutoka pale palipobanwa. Wimbo haukukatika kwa sababu yeye ameingia. Ulipungua sauti kidogo tu, kwa adabu, kama wa mtu anayekusogezea kiti.

Alipanda kilima kwa mbio. Mwalimu Ooko alikuwa barazani anamenya karanga, na hata shikamoo yake hakuimalizia kuitikia.

"Hukulegeza," alisema.

Leonsia alimweleza yote akiwa anahema. Mzee alimwomba mkono wa kushoto, akautazama, akaurudisha polepole kwenye paja la Leonsia. Alimweleza kwamba maombi na uvumba vinamtoa yule anayeingia kwa nguvu, lakini huyu aliitwa, na mgeni aliyeitwa anatolewa na mwenyeji wake. Akiwa hajashika gitaa, hakuna wa kumtoa. Ni lazima ashike, apige, anogewe, mbele ya watu anaowapigia, na katikati ya wimbo mwenyeji alegeze nyuzi zote kwa mkono wake.

"Mbele ya watu," Leonsia alirudia. "Yaani Jumapili."

"Jumapili."

"Mwalimu, naomba nipige kwanza. Wimbo mmoja tu. Mama ameshapanda meli. Jumatatu nitalegeza."

Mzee alitikisa kichwa. "Jumatatu atakuwa hashiki gitaa tena, binti. Atakuwa amekushika wewe."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka milangoni. Mama Angela alikaa safu ya pili na kitenge kipya, simu ameiinua tayari kurekodi. Leonsia aliketi mbele ya kwaya, akaweka vidole, na wimbo ukaanza vizuri kuliko alivyowahi kuota. Watu wakayumba. Revo alitabasamu. Mama alimgeukia jirani akamwambia jambo, na Leonsia alilisoma midomoni: huyo ni wangu. Wakati huo huo alikuwa akiangalia shingo ya gitaa, ambapo alama za maji zilijitokeza juu ya nyuzi kabla ya vidole vyake kufika, na vidole vikazifuata, baridi, vitiifu, havimwulizi, na wimbo ukaanza kwenda na kurudi, waimbaji wakapotezana, mtoto mmoja akalia kisha mwingine, na ile harufu ikaupita uvumba na mishumaa na marashi ya watu wote waliomo, naye akajua kwamba akiuacha wimbo ufike mwisho atapigiwa makofi ambayo hajawahi kupigiwa na mtu yeyote maishani mwake.

Akanyoosha mkono wa kulia kwenye kigingi cha kukazia uzi wa kwanza. Kilikuwa kigumu, mtu anakishikilia. Alikizungusha kwa nguvu zote, uzi ukaguna na kufa, akaenda wa pili, wa tatu, huku mkono wa kushoto ukiendelea kucheza peke yake kwenye nyuzi zilizobaki, wa nne, wa tano, na wa sita, ule mwembamba, ukakatika na kumchana kiganja. Kanisa likawa kimya. Upepo wa unyevu ulipita katikati ya mabenchi kuelekea mlangoni, watu wakajifunika vitenge. Kisha vijana wa nyuma wakaanza kucheka.

Revo alimalizia wimbo bila gitaa, na kuanzia siku hiyo hakumsalimia. Kumweleza mama habari za jini isingewezekana. Ingesikika kuwa kisingizio, tena cha kitoto. Mama hakugomba. Bandarini jioni alimshika bega akamwambia kwa upole kabisa kwamba asijisumbue, yeye alishazoea. Leonsia angeona nafuu kama angepigwa kibao.

Alirudi barazani kwa Mwalimu Ooko. Mzee alimwekea uzi mpya, wakaanza tena: kaza kwa sikio, piga kidogo, legeza zote. Sugu zikaota upya. F ikarudi kuwa sauti ya sufuria. Mvua za masika zilinyesha zikaisha, na wanafunzi wapya wakaja, wakaipata F, wakampita, na yeye alikuwa bado anabana na kusonya, anabana na kusonya, na mama kila akipiga simu aliuliza habari za masomo, za chakula, za afya. Habari za gitaa hakuuliza hata kwa bahati mbaya.

Alasiri moja ya kiangazi, mzee akiwa amefumba macho anasikiliza, Leonsia alifika mahali pa F akiwa na hasira kiasi kwamba hakubana vizuri. Kidole cha shahada kiliteleza. Alikiona kwa macho yake kikiteleza, kimelala pembeni hakijagusa hata nyuzi tatu.

F ikatoka safi.

Mwalimu Ooko alifumbua macho, uso wake wote umefurahi. "Nilikwambia, binti. Sikio kwanza, vidole vitafuata. Leo umeipata."

Leonsia alitazama shingo ya gitaa. Chini ya uzi ule mpya, mwembamba, uliochukua nafasi ya ule uliokatika kabla hajaulegeza, palikuwa na tone moja la maji. Alijua linalotakiwa kusemwa, na kwa nani, na lilimfika mpaka ulimini. Akafikiria kuanza upya. Akafikiria ile sauti ya mama pale bandarini.

"Asante, mwalimu," alisema.

Mzee aliinuka akashika magoti, akaingia ndani kuleta chai kwa furaha, akimkumbusha kwa mazoea tu kwamba alegeze zote. Leonsia alilegeza wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne na wa tano. Kisha akaliingiza gitaa kwenye mkoba na kufunga zipu taratibu, ili ule wa sita usitoe sauti.