Chumba Namba Nne

Uvumi huo fundi cherehani aliusikia kwenye foleni ya maji, akiwa ameinama anafunga dumu lake.

"Kile chuo cha ushauri nasaha," mtu alisema nyuma yake, "wanafunzi wa wiki tatu wanapewa watu wenye huzuni wawatibu! Mama mmoja ametoka mle hajiwezi. Sasa hata simu hapokei."

Fundi alibeba maji yake akaondoka, lakini maneno yale yalimganda kama uzi kwenye nguo. Binti yake alisoma chuo hichohicho. Na hiyo ilikuwa wiki yake ya tatu.

Nyumbani alimkuta binti anaosha sahani. Sahani moja tu, tena na tena.

"Mwanangu, hiyo sahani imekukosea nini?"

Binti hakucheka. Machozi yalimtiririka.

"We! Jikaze bwana," fundi alisema.

Binti aliiweka sahani chini. "Usiniambie hilo neno, mama. Ndilo nililomwambia yeye."

"Yeye nani?"

"Siwezi kumtaja. Ni siri yake."

Kisha akaeleza. Juzi mkuu wa chuo alimvika koti jeupe akamwingiza chumba namba nne, peke yake. "Haya ndiyo mafunzo kwa vitendo," alimwambia. "Ukikwama, mwambie mtu ajikaze." Akaingia mama mmoja. Alisema tangu afiwe na mtoto haoni sababu ya kuamka asubuhi. Binti alikwama. Akasema, "Jikaze, mama. Wapo wenye shida kuliko wewe."

"Akafanyaje?"

"Alinishukuru, mama! Akanyanyuka akaenda zake. Hiyo shukrani ndiyo inayoniuma."

Damu ilimchemka fundi. Wakati huohuo jirani alibisha hodi. Alikuwa mshauri wa miaka mingi katika zahanati, na alikuja kuchukua sketi yake.

"Shoga, mbona umevimba? Zipu imekushinda?"

"Ingekuwa zipu ningefurahi!"

Binti alimweleza, bila kutaja jina. Jirani aliisahau sketi.

"Mtu akisema haoni sababu ya kuamka, unamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, humwachi peke yake. Unamwita msimamizi wako palepale."

"Sina msimamizi, shangazi."

"Huna?" Jirani alisimama. "Vaeni viatu. Twendeni sasa hivi."

Walimkuta mkuu wa chuo anakunywa chai.

"Mama, usilete fujo," alimwambia fundi. "Hapa wanajifunza kwa kufanya."

"Kwa kumfanya nani? Mimi fundi. Mwanafunzi wangu anakata magazeti miezi miwili kabla hajagusa kitambaa cha mteja. Na kitambaa kikiharibika, tunanunua kingine. Huyu mama wa watu akiharibika, utamnunua duka gani?"

"Wasimamizi hawatoshi."

"Basi pokea wanafunzi unaoweza kuwasimamia!" jirani alimkatiza. "Sasa lete daftari la wagonjwa. Nipe anwani, na utoke humu ndani unisindikize."

Fundi alibaki nje ya geti la chuo na binti yake. Jina hakuambiwa, wala hakuuliza tena.

Jirani na mkuu walimkuta mwanamke yule hai, amekaa gizani, mapazia yamefungwa. Jirani alimuuliza lile swali. Alijibu ndiyo. Kabla jua halijazama alikuwa mbele ya daktari, na dada yake alikubali kukaa naye usiku na mchana.

Fundi hakuishia hapo. Aliwakusanya wazazi wenzake, wakaandika barua kwa wakaguzi wa vyuo. Chumba namba nne kilifungwa mpaka wasimamizi walipopatikana.

Binti alitaka kuacha masomo. "Hukufundishwa," jirani alimwambia. "Siyo kwamba huwezi. Hata ulivyokataa kumtaja yule mama, hapo tayari ulikuwa mshauri."

Akaanza upya. Kwanza alifanya mazoezi na wenzake, mmoja akijifanya mgonjwa. Halafu alikaa pembeni ya jirani kule zahanati, akisikiliza tu, kila mgonjwa akiombwa ruhusa kwanza. Kila Ijumaa alimweleza jirani alipokwama na kilichomwelemea.

Miezi ikapita. Siku moja yule mama mwenyewe alikubali binti akae chumbani.

"Nilikukosea," binti alisema.

"Leo nimefungua mapazia," yule mama alisema. "Kisha nikalia."

Binti hakumpa neno la kumnyamazisha. Alisogeza kiti. "Nakusikiliza, mama."

Basi wewe unayetaka kumpeleka mwanao akasomee kazi hii, epuka haya:

Chuo kinachoshindwa kukuonyesha msimamizi.

Chuo kinachomwingiza mwanafunzi peke yake kwa mgonjwa kabla hajafanya mazoezi.

Cheti cha wiki chache. Koti jeupe halifundishi mtu.

Kumlazimisha mwanao akutajie waliomweleza shida zao.

Kunyamaza mtu anaposema hataki kuishi. Hiyo siyo siri ya kubaki nayo. Mwite mtaalamu upesi.

Kumwachia mwanafunzi abebe peke yake uchungu wa watu aliousikia.

Na neno "jikaze" kwa mtu anayelia. Hata jikoni kwako. Hata kama wewe mwenyewe umelelewa nalo.