Hewa Chini ya Yangeyange

Kila Jumamosi Asumini alifagia karakana ya mabango ya shangazi yake, Tantine Maisara, kule Nyalukemba, kisha akaketi dirishani kulitazama ziwa. Ukungu ulipopanda, msichana huyo wa miaka kumi na miwili aliona ndani yake miji isiyo na jina.

Siku hiyo kazi ilikuwa kutengeneza ubao wa tangazo wa mashua inayowaleta wajawazito hospitalini kutoka kisiwa cha Idjwi. Ulihitaji matabaka matatu ya vinili, plastiki nyembamba ya kunata: buluu chini, ndege yangeyange mweupe katikati, na juu yake namba ya simu kwa rangi nyekundu. Yangeyange huyo alichorwa na Asumini mwenyewe.

"Anzia katikati, sukuma hewa pembeni, polepole," Tantine alimwambia akimpa kadi ngumu iliyofungwa kitambaa. Kisha akatoka kumpokea muuguzi Akonkwa, mwenye mashua.

Asumini alianza vizuri, lakini mawazo yakamchukua. Alikuwa akiruka na yangeyange wake juu ya maji tulivu, ukungu ukimgusa mashavu. Aliposhtuka, buluu ilikuwa na malengelenge matatu ya hewa. Haraka akambandika ndege juu yake. Hayakuonekana tena.

Akonkwa aliingia, akaduwaa. "Huyu mutoto iko na mukono!" alisema, kisha akaonyesha namba nyekundu iliyosubiri kubandikwa. "Kule Idjwi, maman akishikwa na uchungu, ni hii namba watatafuta."

Sifa ile ilimchoma Asumini. Jua la ziwani lingeivimbisha hewa ile, ndege angebanduka, na namba pamoja naye.

"Tantine," alisema, machozi yakimlenga, "chini ya bawa iko hewa. Nilificha."

Tantine hakupaza sauti. Alimwomba Akonkwa asubiri kidogo. Walimpasha ndege joto kwa mashine ya kukausha nywele, wakambandua. Bawa moja likachanika. Wakayatoboa malengelenge kwa sindano na kuisukuma hewa hadi ikaisha. Vinili nyeupe ilibaki kipande tu, hivyo Asumini akakata yangeyange mdogo zaidi. Walinyunyiza maji ya sabuni ili vinili isishike upesi, naye akamlaza taratibu kuanzia katikati, macho yake yasibanduke kwenye kadi. Mwisho wakabandika namba.

Alasiri mashua iliondoka na ubao wake, laini kama maji ya asubuhi.

"Kuota si kosa, binti yangu," Tantine alisema. "Bila ndoto zako ndege yule hangekuwepo. Lakini mkono ukiwa kazini, moyo nao uwe pale. Na ukikosea, sema mapema. Kosa lililofunikwa halifi, linavimba."