Vijiti vya Mtu wa Pili

Jumamosi asubuhi kwenye kaunta ya samaki ya supamaketi, foleni ilikuwa imevunjika na kila mtu alikuwa wa mbele. Katikati ya vikumbo hivyo, mwanamume mrefu mwenye aproni nyeusi alikuwa amemwinamia samaki mmoja, akimkazia macho kama askari anayemhoji shahidi.

"Huyo haoni mbali," sauti ya mwanamke ilisema kando yake. "Ana mtoto wa jicho."

Mwanamume akageuka. Aliona gauni la kijani lililopigwa pasi mpaka likakubali, na miwani ya fremu nyekundu. Kikapuni mwa mwanamke yule mlikuwa na mkate mdogo, nyanya mbili na sabuni. Mtu makini angekisoma kikapu kile. Yeye alisoma miwani.

"Wewe ni daktari wa samaki?"

"Ni fundi miwani, duka la ghorofa ya juu. Lakini jicho ni jicho."

"Basi umeniokoa. Mimi ni mpishi wa mkahawa wa Kijapani, pale nyuma ya benki. Samaki wangu huliwa mbichi. Jicho likiwa na ukungu, nimekwisha."

"Mbichi? Halafu watu wanakula wenyewe, bila kushikiwa bakora?"

"Wanakula na kurudi. Na tunaleta hadi mlangoni." Akachomoa kadi mfukoni mwa aproni. "Piga simu, mrembo. Ukishindwa kumaliza, nitakuja kukusaidia."

"Utasubiri sana."

Hakusubiri sana. Alhamisi jioni simu ililia.

Ukweli ni kwamba Fundi Miwani alikuwa mpweke, na alikuwa hodari wa kuuficha upweke huo. Kutwa nzima alisogeza uso wake karibu na nyuso za watu, karibu hata akajua nani amekunywa chai ya tangawizi, akiwauliza, "Ipi iko wazi zaidi, hii au hii?" Jioni alipanda ngazi hadi chumba chake na sebule yake, akawasha taa, na hapakuwa na uso wa kuuliza chochote. Mama yake alimpigia simu kila siku, yeye akiwa bado hajavua viatu.

"Umekula?"

"Nakula sasa hivi, mama."

"Na nani?"

Swali hilo ndilo lililokuwa bado linamwasha masikioni alipopiga simu mkahawani.

"Karibu Bibi Macho, sauti yako nimeijua," Mpishi alisema. "Watu wangapi?"

Huo ndio ulikuwa utaratibu wao. Waliuliza watu, si sahani, ili wajue wafunge supu ngapi na vijiti vya kulia vya wangapi.

"Wawili," alisema.

"Wawili?"

"Ndiyo, wawili. Kwani huko hamjui kuhesabu?"

Mwenye pikipiki alileta maboksi mawili ya wali ulioviringishwa kwa samaki na majani meusi ya mwani, vikombe viwili vya supu, na jozi mbili za vijiti ndani ya karatasi nyeupe. Alikula boksi moja. Vijiti vilimshinda, wali ukamdondokea mapajani, akacheka. Kicheko cha mtu mmoja hakina pa kwenda, kilikata chenyewe. Jozi ya pili aliisimamisha ndani ya glasi karibu na sinki, haijafunguliwa. Boksi la pili aliliweka kwenye friji, kesho yake akalila kazini mapema kabla wateja hawajajaa. Sijui nani alimwambia samaki mbichi hulazwa.

Alhamisi ikawa siku yake. Mpishi hakumruhusu mtu mwingine kupokea simu ile.

"Bibi Macho, samaki wa leo anaona hadi ng'ambo."

"Mpime kwanza. Wewe maneno mengi."

"Njoo unipime mimi. Tangu nikuone, sioni vizuri."

"Hiyo haitibiwi kwa miwani, kaka. Hiyo ni tabia." Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akakumbuka kwamba anapaswa kuwa watu wawili. "Na tangawizi usiweke nyingi. Mwenzangu haipendi."

Uongo ukishapewa sahani, huomba na kikombe. Upande wa pili wa simu, kisu kiliwekwa juu ya ubao.

"Mwenzako ana bahati," Mpishi alisema mwishowe.

"Anajua."

Jioni ile Mpishi alikata samaki vipande visivyolingana. Alikuwa amejidanganya kwamba huyo wa pili ni ndugu, au jirani. Lakini ndugu gani huyo anayekula naye kila wiki, na kuchaguliwa tangawizi? Mke wa mtu ni sumu, alijiambia, na alikuwa mtu wa kujiheshimu. Wiki iliyofuata simu ilipolia, hakuigusa.

"Watu wangapi?" aliuliza dada wa kaunta.

"Wawili. Mpishi yupo?"

"Yupo. Ana kazi."

Fundi Miwani alimsikia nyuma, akimwomba mtu sufuria. Sauti ile ile. Alikata simu. Kumbe alikuwa akimchezea tu. Chakula kilipofika alikula nusu, na asubuhi alibeba boksi la pili bila hata kulitazama. Badala ya friji ya dukani, alilitia kwenye droo ya fremu akalisahau. Siku hiyo kulikuwa na joto la kukausha mate. Alikumbuka alasiri, akalila kwa hasira.

Jioni dada yake mkubwa alipita kumsalimia, akamkuta amelala kwenye vigae vya bafu, akampeleka zahanati. Kesho yake, mgonjwa akiwa amerudishwa nyumbani, dada aliingia na mkate, akijipongeza.

"Nimewanyoosha wale! Nimempigia mwenye mkahawa mwenyewe. Nikamwambia, mmemlisha mdogo wangu sumu. Mpishi wao anafukuzwa leo."

"Dada! Umefanya nini?"

"Ulikula chao, ukaanguka. Hilo linahitaji darubini?"

Alitazama ukuta. Akinyamaza, aibu yake itabaki salama na mwanamume atapoteza kazi. Akisema, lazima aseme yote. Alivaa gauni la jana, lenye mikunjo, akatoka huku dada akimfuata na mwavuli na maswali.

Mkahawa ulikuwa umejaa. Mwenye mkahawa alisimama kaunta. Mbele yake Mpishi, aproni ikiwa imekunjwa mkononi.

"Samaki wake hakuwa na kosa," Fundi Miwani alisema. "Nilimla kesho yake, alasiri. Alishinda kwenye droo."

"Droo?" mwenye mkahawa aliuliza.

"Droo!" Mpishi akapaza sauti. "Samaki mbichi! Na joto lote hili! Hata paka angekushauri."

"Subirini kidogo," alisema mwenye mkahawa. "Uliagiza cha watu wawili. Kwa nini kilibaki?"

"Kwa sababu hatupo wawili." Meza ya karibu waliacha kutafuna. "Nipo peke yangu. Tangu siku ya kwanza."

Dada alishusha mwavuli. Mpishi akaiweka aproni juu ya kaunta.

"Na yule asiyependa tangawizi?"

"Ni mimi. Siipendi."

Mwenye mkahawa alikohoa. "Vaa aproni yako. Meza ya dirishani wana njaa."

Mpishi akavaa, akaingia jikoni. Hakutoka tena. Mwanamke alirudi nyumbani, akamwomba dada amwache alale. Mama alipopiga, alijibu kabla swali halijaisha.

"Mkate, mama. Peke yangu."

"Haya mwanangu," mama alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuwahi kuitumia. "Kula basi."

Alhamisi ilifika. Alikaa na simu mapajani, hakupiga. Ikalia yenyewe.

"Bibi Macho. Hujaagiza."

"Niliona haya. Na wewe uliniacha pale nimesimama."

"Nilijifungia kwenye stoo. Mtu mzima mimi, nimekaa juu ya gunia la mchele, sijui nicheke au nilie." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza watu wangapi, nikujibu mmoja, wiki hadi wiki. Mwishowe ungenihurumia."

"Mimi nikifika kwangu hula nimesimama, kando ya jiko. Na wiki zote hizi nilikuwa namwonea wivu mtu asiyependa tangawizi."

Fundi Miwani alicheka. Safari hii kicheko kilipata pa kwenda.

"Haya, niko kazini hapa," Mpishi alisema. "Leo watu wangapi?"

Alitazama glasi iliyo karibu na sinki. Vijiti vilikuwa vimejaa hadi mdomoni, karatasi zao bado nyeupe.

"Wewe unatoka saa ngapi?"

"Nikikabidhi jiko sasa hivi, sasa hivi."

"Basi wawili," alisema. "Na vijiti usilete. Hapa vipo."