Bi Kinyaa na Mto wa Ramani

Kila asubuhi ya likizo, Bi Kinyaa alipangusa kiti mara tatu kabla ya kukikalia. Jina hilo alipewa na shangazi yake, askari aliyehamia karibuni katika hifadhi ya jangwani, maana mtoto huyo aliona kinyaa kwa kila kitu: nzi, soksi za dereva wa hifadhi, hata kikombe alichonywea mwenzake.

Kazi yake ilikuwa kunakili ramani za wageni. Mistari ya kahawia huonyesha miinuko; ikibanana, hapo pana mteremko mkali. Mto wenye maji mwaka mzima huchorwa kwa mstari wa buluu usiokatika, na unaokauka huchorwa kwa vistari vilivyoachanaachana. Vistari hivyo vilimchosha. Akavuta mstari mmoja mrefu, chapuchapu, akaenda zake kucheza.

Shangazi hakumpa mgeni ramani kabla ya kuifuata mwenyewe kwa miguu.

"Twende, mwanangu. Ramani yako inasema mbele kuna mto, basi chupa moja inatutosha."

Walimwacha dereva na gari barabarani, wakatembea. Walipofika, chupa ilikuwa tupu na jua liko utosini. Mto haukuwepo. Palikuwa na tope jeusi linalonuka, na katikati yake mzoga wa swala uliovimba, funza wakimtoka puani. Nzi waliinuka pale wakatua mdomoni mwa Bi Kinyaa. Akatapika.

"Maji yako wapi?" shangazi aliuliza.

"Huu ni mto wa kukauka. Nilifanya uvivu kuchora vistari, shangazi. Nisamehe."

"Kesho wageni wangefika hapa na watoto wao, koo zimekauka."

Walijikokota hadi garini, midomo imewapasuka. Dereva aliwapa maji ya jerikeni katika kikombe chake mwenyewe. Bi Kinyaa alikinywea bila kukipangusa.

Ofisini alichora upya, kistari baada ya kistari, huku shangazi akilinganisha na ramani kubwa ya ukutani. Kisha Bi Kinyaa akaitazama ile ya kwanza. Akaisukuma kando kwa ncha ya kidole.

"Shangazi, inanichukiza hii."

"Vizuri," shangazi alisema, akiichana. "Mzoga ule ulinuka, lakini haukumdanganya mtu. Ramani yako ilikuwa safi, inapendeza, na ingeua watu. Kinyaa chako endelea nacho, mwanangu, ila kwanza uionee kinyaa kazi ya kulipua."