Swichi ya Kisa

Siku ya kumi na moja tangu wamzike Gwamaka, Kisa aliingia karakana ya mumewe akakuta balbu ya majaribio inawaka. Waya wake ulining'inia kwenye msumari, mbali na soketi, na mtaa mzima wa Bondeni umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri.

Gwamaka alikuwa fundi redio, ila kwa raha zake alipenda kuchezea umeme mkubwa, na transfoma iliyomuua aliing'oa kwenye maikrowevu iliyokufa. Hakuwa mzembe, msimseme vibaya marehemu. Kila mara alisimama juu ya ubao mkavu, akapitisha umeme kwenye balbu kwanza ili transfoma ikiwa mbovu balbu iwake badala ya nyumba kuungua, na mkono wa kushoto akautia mfukoni, maana umeme ukiingia mkono huu ukatokea ule, unapitia moyoni. Swichi alishika Kisa. Kabla ya kuwasha aliuliza, "Mkono?" Gwamaka akijibu, "Mfukoni," ndipo anawasha.

Siku ile walikuwa wamenuniana kwa sababu ya wali ulioungua. Kisa hakuuliza. Aliwasha tu, na mkono haukuwa mfukoni. Hilo hakumwambia mtu, hata msibani.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, saa ileile aliyokufa Gwamaka, transfoma ikaanza kunguruma bila waya, na harufu ya vanishi iliyoungua ikajaa nyumba, na ndani ya harufu hiyo mlikuwa na sabuni ya Gwamaka, ile ya mche aliyoogea kila siku, mpaka Kisa akajishika mdomo asilie, kisha ngurumo ikakatika ghafla na kukawa na kimya cha mtu anayengoja kuulizwa.

Kisa alimwita Mchungaji Eliya. Ngurumo iliporudi, Mchungaji alisikiliza mlangoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama Naomi," alinong'ona, "huyo si mumeo. Ni jini limepata pa kukaa. Tukalizamishe ziwani. Ila usiliulize kitu. Hata neno moja."

"Ndaga, asante, Mchungaji," Kisa akajibu, akaenda kutafuta gunia.

Itungi, ufukweni mwa ziwa, waliazima mtumbwi. Mchungaji alipiga kasia huku akiomba, na Kisa alipakata gunia lenye transfoma, zito, lenye joto kama mtoto aliyelala. Walipofika kwenye kina kirefu, ngurumo ikakatika. Harufu ya sabuni ikapanda. Kisa alijua likishazama hatamsikia tena Gwamaka, na moyo ukamshinda. Akaliinamia gunia.

"Mkono?"

Ikatoka ndani ya gunia sauti aliyolala nayo miaka tisa:

"Bado, Kisa. Subiri kidogo."

Mchungaji alimpokonya gunia akalitupa majini. Lilizama mara moja, na karakana haikunguruma tena.

Lakini mpaka leo jua likizama, Kisa hukaa sebuleni bila taa, kidole juu ya swichi.

"Mama, washa," Naomi humwambia. "Umeme upo."

"Bado, mwanangu. Baba yako hajasema mfukoni."