Kifua Kina Mwenyewe

Lifti ya hospitali ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na watu waliojazana mbele ya milango yake walikuwa wameshaisema mpaka maneno yakawaishia. Walikuwepo wenye magongo, wenye vyombo vya chakula vya wagonjwa, wenye watoto mgongoni. Katikati yao alisimama mwanamke mrefu aliyevaa gauni la rangi ya chungwa lililomkaa kana kwamba alizaliwa nalo. Alikuwa mwalimu wa udereva, na kwa kuwa madereva wengi wa mji ule walipitia mikononi mwake, hata nyumbani kwao walimwita Mwalimu.

Mara milango ikafunguka na fundi akatokeza kichwa, uso umepakaa grisi, bisibisi mkononi.

"Imepona," akatangaza. "Nani wa kwanza kupanda?"

Ghafla kila mtu akakumbuka kwamba ngazi ni mazoezi mazuri. Wengine wakatazama viatu vyao.

"Mimi," akasema Mwalimu, na akaingia.

"Huogopi, dada?" Fundi akauliza milango ilipofungwa na wawili wao tu ndani.

"Kaka yangu, mimi kila siku nakaa pembeni ya mtu asiyejua breki iko wapi. Nitaogopa sanduku lako?"

Fundi alicheka mpaka akakosea kubonyeza. Alikuwa na cheko la kutoka tumboni, na chini ya ile grisi, Mwalimu akaona, kulikuwa na sura isiyochosha kutazama.

"Unakwenda kumwona mgonjwa?"

"Nakwenda kuonana na mtu. Ghorofa ya tano."

"Huyo mtu ana bahati."

"Huyo mtu ana visu," Mwalimu akajibu, na milango ikafunguka, akatoka bila kugeuka nyuma.

Aliporudi chini alimkuta Fundi bado anaikagua lifti iliyokwisha kupona kitambo. Eti alitaka namba yake ya simu ajifunze gari. Leseni yake ya udereva ilikuwa ikichungulia kutoka mfukoni mwa shati. Mwalimu aliiona, akampa namba hivyo hivyo.

Basi simu zikaanza.

"Mwalimu, mwanafunzi wako hapa. Leo tunasoma nini?"

"Leo tunasoma kungoja. Niko na mtu kwenye mzunguko, anataka kuingia kinyume."

"Mwambie moyo wangu nao umeingia kinyume."

"Wewe! Niko kwenye spika!" Na mwanafunzi halisi, mama mmoja mtu mzima, akacheka mpaka gari likazimika.

Walikula pamoja, wakatembea pamoja, wakanuniana kwa raha na kupatana kwa raha zaidi. Fundi alijua kusikiliza na Mwalimu alijua kusimulia. Lakini kila mkono wa Fundi ulipomzunguka bega, Mwalimu alijigeuza kidogo, upande wa kushoto ukae mbali. Jioni moja, katika mgahawa uliojaa watu waliotoka kazini, akaona afadhali aseme.

"Laazizi, kabla hatujafika mbali. Titi langu la kushoto halipo. Saratani. Lilitolewa mwaka juzi, nikapewa dawa, nywele zikaanguka, zikaota tena kama unavyoziona. Nimepona. Hili hapa," akajigusa, "ni sponji."

Fundi aliweka uma chini. Akamtazama machoni, si kifuani.

"Asante kwa kuniambia. Mimi nilidhani unanikwepa kwa sababu ya grisi."

Mwalimu akacheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko.

"Sikia na la pili. Yule mtu wa ghorofa ya tano ni daktari bingwa wa upasuaji. Ananitengenezea jingine. Tarehe imeshapangwa."

Fundi akasogeza sahani kando. Kisha akasema kwa sauti ya upole sana, sauti aliyoona mwenyewe kuwa ni ya mtu mwema: "Kwani lazima? Mimi nakupenda hivyo hivyo. Kwangu hujapungukiwa kitu. Kwa nini ukatwe tena?"

"Si kwa ajili yako."

"Najua, lakini..."

"Basi kama unajua, kula, chakula kinapoa."

Wakaliacha hapo. Lakini Fundi hakuliacha.

Mwalimu alilelewa na shangazi yake, mkunga mstaafu mwenye ulimi mkali na moyo mkunjufu, na bado waliishi nyumba moja. Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini akamkuta shangazi amekaa sebuleni, miguu kwenye stuli, midomo imebanwa.

"Mwenzio kanipigia simu."

"Nani?"

"Huyo wa lifti. Kasema kwa adabu zote, Mungu shahidi. Kasema nizungumze nawe uache upasuaji. Eti mimi ndiye unayenisikiliza."

Mwalimu alisimama na mkoba begani. Siku hiyo hiyo mwanafunzi mmoja alikuwa amefunga breki kwa ghafla, mkanda ukamkaba, sponji likahama likajificha kwapani, naye akaendelea kufundisha kwa mkono mmoja huku wa pili ukilisaka. Alilishinda hilo kwa kicheko kama alivyoshinda mengi. Hili la simu hakulicheka. Akampigia Fundi pale pale.

"Umezungumza na shangazi yangu?"

"Mpenzi, nilitaka tu..."

"Mimi nilikuwa wapi? Nimekufa?"

"Nilihofia. Wewe huelewi jinsi ninavyo..."

"Naelewa. Niliugua mimi, nikatibiwa mimi, na kila asubuhi ninayesimama mbele ya kioo ni mimi. Nimekaa na daktari, nimeuliza, nimesoma, nimelala nalo, nimeamka nalo. Halafu wewe unakwenda kuniombea ruhusa nyuma ya mgongo wangu kama mtoto wa shule? Kifua kina mwenyewe, Fundi. Usinipigie tena."

Akakata. Kisha akaketi karibu na shangazi, na shangazi akamshika mkono.

Daktari alikuwa amemweleza wazi tangu mwanzo. Wako wanawake wanaochukuliwa nyama ya tumboni ikatumika kujenga kifua, lakini Mwalimu alikuwa mwembamba, tumbo lake halikuwa na cha kukopesha. Kwake ungewekwa kwanza mfuko mmoja mtupu chini ya ngozi na msuli, kisha kila baada ya muda ungejazwa maji ya chumvi kwa sindano, ngozi ivutike pole pole. Ikishavutika, upasuaji wa pili: mfuko unatoka, kipandikizi cha kudumu kinaingia.

"Halitakuwa lile la zamani," daktari alimwambia. "Litakuwa na umbo, halitakuwa na hisia, au litakuwa nazo kidogo. Kovu litakuwepo. Na huenda siku za mbele kipandikizi kikahitaji kubadilishwa. Wako wengi wanaoamua kubaki bila, na wanaishi vizuri."

"Daktari, nimekusikia. Nalitaka."

Aliingia chumba cha upasuaji kwa miguu yake, amesuka nywele, amempa shangazi hereni amshikie. Alipozinduka alihisi kana kwamba kuna mtu amekaa kifuani na hana mpango wa kuondoka. Mirija miwili myembamba ilitoka ubavuni, kila mmoja na kichupa chake cha kukusanya majimaji. Nesi akamfundisha kuvimwaga, akampa masharti: asiinue mikono juu ya mabega, asibebe kizito, asiendeshe gari mpaka aambiwe.

"Hilo la gari," Mwalimu akasema kwa sauti iliyokauka, "ungelianza nalo, nijiandae kulia."

Nyumbani siku zilikwenda kwa mwendo wa konokono. Alilala chali, amezungukwa na mito. Fundi hakupiga simu. Aliambiwa asipige, hakupiga. Lakini alikuwa akimpigia shangazi.

"Kauliza umekula," shangazi akasema siku moja. Kesho yake: "Kauliza umelala. Mimi si posta, mwanangu. Nimemwambia akitaka jibu aje alifuate."

"Umemwambia nini?"

Kengele ya mlango ikalia.

Fundi aliingia amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa ufundi wa mtu asiyejua kupiga pasi. Mwalimu alikuwa kwenye kiti kirefu, shati la vifungo vya mbele, mirija imefichwa, nywele zilizofumuliwa zimesimama kila upande. Alitamani ardhi imfiche, kisha akaona hapana. Nyumba ni yake.

"Umekuja kuniambia ulinionya?"

"Nimekuja kuomba radhi." Fundi hakuketi. "Nilikuwa nasema nakupenda hivyo hivyo, nikaipenda ile sentensi kuliko nilivyokusikiliza wewe. Nilitaka uone mimi ni mwanaume wa aina gani. Hukuniuliza mimi ni wa aina gani. Uliniambia unakwenda kutibiwa."

Shangazi, aliyekuwa akijifanya anatafuta miwani, akaacha kutafuta.

"Na kumpigia shangazi?"

"Hilo lilikuwa kosa tupu. Sina cha kulipamba."

Mwalimu akausogeza mto mmoja ubavuni. Hasira yake, aliyoitunza vizuri siku zote hizo, aliitafuta akaikuta imepungua.

"Mbona umesimama?"

"Nangoja uniambie nikusaidie nini. Na ukisema niondoke, huo pia ni msaada."

"Siwezi kuinua mikono," Mwalimu akasema. "Na kichwa kinaniwasha nusura niwe kichaa."

Basi Fundi akakunja mikono ya lile shati jeupe. Wakaweka kiti mbele ya sinki la jikoni, taulo shingoni, maji ya uvuguvugu kwenye jagi. Vidole vile vilivyozoea nyaya na skrubu viliingia kwenye nywele zake pole pole, vikasugua nyuma ya masikio, vikashuka kisogoni. Sabuni ilinukia ndimu. Mwalimu alifumba macho.

"Nakuumiza?"

"Ukiacha ndipo utaniumiza."

"Mimi niko hapa hapa," shangazi akakumbusha kutoka mlangoni.

Mirija ilipotolewa, maji yakaanza kujazwa. Kwa kuwa Mwalimu hakuruhusiwa usukani, Fundi ndiye aliyemwendesha, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba ile leseni aliipata kwa huruma.

"Klachi, mpenzi. Klachi! Mbona unaikanyaga kama mende?"

"Unanitisha, Mwalimu."

"Breki pole pole, nina maji kifuani!"

Kliniki ilikuwa safi na baridi. Nesi alitafuta kwa sumaku ndogo mdomo wa ule mfuko, mahali pa kuchomea, akaingiza sindano, maji yakaenda. Haikuuma sana wakati huo. Iliuma usiku, kifua kikikaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Mwalimu alimeza dawa, akajinyoosha taratibu kama alivyofundishwa, na asubuhi akasimama mbele ya kioo akaona pale palipokuwa bapa pameanza kupanda.

"Ngozi ivute ingali maji," shangazi akasema akimfunga vifungo. "Kumbe wahenga walikuwa wanakusemea wewe."

Halafu, walipokuwa wameshazoea, ngozi ikawa nyekundu na yenye joto. Daktari aliitazama, akasitisha kujaza, akaandika dawa kali na kusema wazi: ikiwa ni maambukizi na dawa zisipoyashinda, mfuko utatolewa na wataanza upya, au hawataanza kabisa.

Njia yote ya kurudi Mwalimu alingoja Fundi aseme. Alijua maneno yenyewe: si nilikwambia. Fundi aliendesha mpaka kwenye taa, akasimama, akamtazama.

"Ikibidi kutolewa," akauliza, "ungependa nini?"

"Ningependa kulia kwanza. Halafu niamue."

"Sawa. Tutafute mahali pa kuegesha ulie vizuri?"

Mwalimu akalia na kucheka kwa wakati mmoja, na nyuma yao magari yakapiga honi kwa sababu taa ilikuwa imeshageuka kijani.

Dawa zilifanya kazi. Wekundu ukarudi nyuma, maji yakaendelea, na wakati ulipofika upasuaji wa pili ukafanyika. Ulikuwa mfupi kuliko wa kwanza, na Mwalimu akarudi nyumbani siku ya pili akidai chai. Alipopona alirudi kwenye gari lake, akafunga mkanda, akamwambia mwanafunzi: "Funga breki utakavyo, baba. Humu hakuna kinachohama."

Jumapili moja Fundi alimkuta chumbani kwake amesimama mbele ya kioo, amevaa gauni jipya la kijani, mgongo wazi, shingo ya kina. Mlango ulikuwa wazi, kama shangazi alivyoagiza.

"Njoo uone," Mwalimu akasema. Akashusha gauni upande wa kushoto, bila haraka. Kovu lilipita mstari mmoja mwembamba. Titi lilikuwa la duara zaidi kuliko mwenzake, limekaa juu kidogo, halina chuchu. "Chuchu ni hatua ya mwisho. Wanaweza kuichora kwa wino. Sijaamua. Na ujue, halisikii. Ukiligusa, nitajua kwa macho tu."

"Wewe unalionaje?"

"Langu." Alilitamka kwa utulivu. "Lile la kwanza nilipewa. Hili nimelihangaikia."

"Naweza kukugusa?"

"Hapa," akasema, akauchukua mkono wake na kuuweka shingoni. "Hapa nasikia kila kitu."

Wakasimama hivyo, kioo kikiwatazama. Kwa mkono wa pili Fundi alianza kufunga na kufungua kifungo cha shati lake.

"Una nini?"

"Nina swali. Unioe." Akajikuna kichwa. "Yaani nikuoe. Yaani, utakubali tuoane?"

Mwalimu alikaza macho kama anayemsahihisha mwanafunzi. "Umeshampigia shangazi?"

"Shangazi hajui lolote. Safari hii nimeanza na mwenyewe."

Mwalimu akapandisha gauni lake begani, akalinyoosha, akajitazama mara ya mwisho kwenye kioo. Kisha akamgeukia.

"Nakubali. Nenda sasa kamwambie."

"Shangazi amesikia!" ikatoka sauti ya jikoni, ikifuatiwa na kigelegele kilichowatoa majirani wote madirishani.